Kiganja Kimoja cha Udongo

Wengi wetu tulio ughaibuni tuna shamba nyumbani ambalo hatulilimi kwa mikono yetu, ila twalipelekea fedha. Twapenda kueleza kosa tulilolifanya katika shamba letu la urithi huko Muheza, kwani yamkini wako wengine walio njiani kulifanya.

Kwa miaka mingi fedha zetu zilinunua urea na DAP, kama wanunuavyo majirani. Mbolea hizo mbili hazina potasiamu hata chembe. Mahindi yalistawi, migomba haikustawi. Majani yake ya chini yaligeuka manjano, yakakauka kuanzia kingoni, na mikungu ikazidi kuwa midogo. Tukashauriana udongo upimwe. Mpwa wetu akachota kiganja kimoja, kikapelekwa maabara, na jibu likaja kwamba potasiamu imejaa tele. Basi hatukununua mbolea ya potasi, na migomba ikadhoofu miaka miwili zaidi.

Tulipokwenda likizo tulimwuliza kijana udongo ule aliutoa wapi. Akatuonyesha nyuma ya jiko, pale ambapo marehemu bibi yake alikuwa akimwaga majivu kila asubuhi. Majivu ya kuni yana potasi nyingi. Kabla ya kuchimbwa migodini, watu waliipata humo. Maabara haikukosea. Ilipima jaa la jiko, nasi tukalisoma kuwa shamba. Wala kijana hatumlaumu, maana hatukumwelekeza.

Inafaa kufahamu kinachopimwa. Potasiamu ya ardhini ni nyingi, lakini zaidi ya asilimia 90 aghalabu imefungwa ndani ya madini ya mawe, na mizizi haiifikii. Nyingine imebanwa baina ya tabaka za mfinyanzi, nayo hutoka polepole. Iliyo tayari kuliwa na mmea ni ile iliyoshikamana na nyuso za chembe za mfinyanzi na mboji, pamoja na kidogo kilichoyeyuka majini. Yote hiyo huwa kama asilimia 1 au 2 tu. Ndiyo itafutwayo. Mtaalamu hutikisa udongo ndani ya maji yenye chumvi ya amonia. Amonia huiondosha potasiamu mahali pake na kuketi yenyewe. Maji yakishachujwa hupulizwa katika mwali wa moto, na kifaa hupima nguvu ya mwanga utokao.

Kazi hiyo ni nyepesi ukilinganisha na kuchota. Shamba moja halina udongo mmoja. Kichanga hushika potasiamu kidogo, na mvua huisomba. Mfinyanzi huweka akiba. Alipokojoa ng'ombe, palipochomwa takataka, palipo kichuguu, kila mahali pana hesabu yake. Hapa Uingereza mkulima hushauriwa kutembea shambani kwa njia ya herufi W, achote mara 25, kina cha sentimita 15 penye kulimwa na sentimita 7.5 penye malisho, kisha achanganye. Lakini asichanganye kichanga na mfinyanzi, kwani wastani wa mwenye njaa na aliyeshiba hautamlisha yeyote.

Nasi tukaligawa shamba: bonde, mteremko na uwanja wa nyumba, kila sehemu na mfuko wake. Bonde la mfinyanzi lilikuwa na potasiamu ya kutosha. Mteremko wa kichanga, ndiko iliko migomba, ulikuwa na upungufu mkubwa. Sehemu ya fedha za DAP tukaihamishia potasi, na majivu ya jikoni sasa hubebwa hadi migombani badala ya kurundikwa.

Mwenye shamba upande wa Tanga aulizie kituo cha TARI Mlingano, ambacho udongo ndiyo kazi yake. Ndoo ya kuchotea iwe ya plastiki, safi, isiyowahi kubeba mbolea. Na udongo uanikwe kivulini, usikaushwe motoni. Na kabla ya kutuma nauli ya kupeleka sampuli, pigeni simu mwulize imechotwa wapi.