Mbu Waliolala Udongoni

Mbu jike wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa vibonde ambamo maji hutuama msimu wa mvua. Maji yakikauka, mayai hayafi. Hukaa humo miaka, mengine yakiwa na virusi vya homa ya Bonde la Ufa tangu tumboni mwa mama. Mvua kubwa ikifurisha vibonde, mayai huanguliwa kwa wingi, na mbu hao huanza kutafuta damu ya kondoo.

Dalili ya kwanza huonekana zizini: kondoo wanatupa mimba, karibu wote kwa wakati mmoja. Mfugaji anayemzalisha kondoo kwa mikono mitupu huupata ugonjwa, na mchinjaji vilevile. Baadaye minada inafungwa, uchinjaji unapigwa marufuku, wanunuzi wa ng'ambo wanakataa mifugo. Familia inayoishi kwa mbuzi na kondoo inakosa maziwa, pesa ya dawa na karo kwa mpigo.

Mwaka 2006 Bahari ya Hindi ya magharibi ilipata joto, El Niño nayo ikashika, hali ziletazo mvua kubwa Afrika Mashariki. Wanasayansi wa NASA na wenzao waliitazama mvua na majani kwa satelaiti, wakatoa tahadhari wiki kadhaa kabla. Desemba, watu wakaanza kufa Garissa, kaskazini-mashariki mwa Kenya. Mapema 2007 ugonjwa ulikuwa umeingia Tanzania, na Dodoma ikaumia sana.

Linaloniuma ni kwamba satelaiti haikuwa peke yake. Wafugaji wa Kisomali wana jina la ugonjwa huu, sandik, yaani kutoka damu puani. Watafiti walipokaa nao baadaye, wafugaji hao walieleza walivyoona mvua isiyo ya kawaida, kisha mawingu ya mbu, kisha mimba zikitoka, wiki nyingi kabla ya hatua kuchukuliwa. Mtaalamu wa hali ya hewa alijua kipande chake, mfugaji chake, daktari wa hospitali akasubiri wagonjwa.

Kuchelewa huko hakufidiki. Ugonjwa ukishaingia kundini, chanjo yenyewe ni hatari: sindano moja ikipita kondoo kwa kondoo bila kubadilishwa, inavihamisha virusi kama mbu. Chanjo ni ya kabla ya mbu.

Kenya ilikuja kuunda kitengo cha pamoja cha afya ya watu na ya mifugo, na ni hatua njema. Lakini kwangu kazi ngumu ni fedha: nani atathubutu kununua chanjo kwa sababu ya mvua ambayo haijanyesha, akijua huenda isinyeshe? Hapo anahitajika mchumi wa kupima hasara ya pande zote mbili, na mzee wa mifugo wa kusema ni vibonde vipi hujaa maji kwanza.

Kila mwaka kituo cha hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, hutangaza mwelekeo wa mvua za vuli kabla hazijaanza. Wote hao waitwe wiki hiyo, udongo ukiwa bado mkavu.