Pua ni Mlinzi wa Nyumba

Mtoto mdogo husikia harufu ya chakula, maua na moshi kila siku, lakini akiulizwa harufu ni kitu gani hushindwa kujibu. Wazazi wengi nao huona taabu kumweleza, kwa kuwa harufu haionekani wala haishikiki. Hata hivyo, jambo hili laweza kufundishwa kwa urahisi nyumbani.

Mtoto na akae upande mmoja wa chumba, amefumba macho, na mama amenye chungwa upande wa pili. Baada ya muda mfupi mtoto atalitambua. Hapo na aambiwe kwamba chungwa limetoa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, hewa imezichukua, naye amezivuta puani. Ndani ya pua, sehemu ya juu, mna ngozi nyororo yenye umajimaji. Chembe zikigusa hapo, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, nao ubongo hutambua: hili ni chungwa. Mwaka 2004 wataalamu wawili wa Marekani, Richard Axel na Linda Buck, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuvumbua jinsi kazi hiyo inavyofanyika.

Kisha mtoto azibe pua kwa vidole na kutafuna kipande cha chungwa lile. Ataona ladha imepungua. Akiiachia pua, ladha hurudi. Ndiyo sababu mwenye mafua hulalamika kwamba chakula hakina ladha.

Yafaa mtoto ajue pia kwamba pua ni mlinzi. Humwonya juu ya samaki aliyeoza na kitu kinachoungua. Gesi ya kupikia kwa asili haina harufu. Hutiwa harufu mbaya makusudi ili ikivuja watu wajue. Mtoto akiisikia, asiwashe kiberiti wala taa, bali atoke nje upesi na kumwita mtu mzima. Wala asizoezwe kunusa chupa asiyoijua, kwani mvuke wa petroli hudhuru.

Lakini mlinzi huyu ana upungufu. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu hata kidogo, nayo huweza kuwaua watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo, hata usiku wa baridi kali, jiko la makaa lisiingizwe katika chumba cha kulala, ijapokuwa halitoi moshi. Hapo pua haiwezi kumwokoa mtoto. Ni wajibu wa wazazi wake.