Taa ya omena ilizimika kabla ya alfajiri: volti, ampea na wati

Sisi wa Pwani twaijua karabai ya wavuvi wa dagaa. Huku Migori ninakotengeneza redio na taa, ziwani upande wa Muhuru, dagaa huitwa omena na huvuliwa vivyo hivyo, kwa mwanga usiku wa giza. Ila siku hizi taa za betri zimechukua nafasi ya karabai nyingi.

Mwezi uliopita mzee mmoja aliniletea betri. Aliiwasha taa saa moja jioni, na saa sita na nusu ikawaacha gizani, yeye na vijana wawili, nyavu zikiwa majini. "Mwanangu, nimeuziwa betri mbovu," akasema. Nikaichaji, nikaipima. Nzima kabisa.

Nikamwonyesha maandishi ubavuni: 12V, 7Ah. Fikiria tangi la maji juu ya paa. Volti ni ule msukumo unaotokana na kimo cha tangi. Ampea ni wingi wa maji yanayopita kwenye bomba. Bomba jembamba hubana maji; katika umeme kule kubana huitwa ukinzani, nao hupimwa kwa omu. (Waya wake nao ulikuwa ule mwembamba wa spika. Huo niliutupa.)

Wati ni kasi ya kazi inayofanyika: volti mara ampea. Taa yake ni ya wati 12. Gawanya kwa volti 12, upate ampea 1. Sasa zile herufi Ah, ampea-saa, ndizo ukubwa wa tangi. Betri ya 7Ah ingetoa ampea 1 kwa saa 7, lakini hiyo ni hesabu ya karatasini. Betri hizi za risasi na asidi hupimwa kiwandani zikinyonywa polepole, kwa kawaida saa 20. Ukizinyonya haraka, hutoa pungufu. Ndiyo maana yake ilifika saa tano na nusu tu. Tena ukizimaliza kabisa kila usiku, zinakufa mapema. Afadhali usivuke nusu.

Tukapiga hesabu pamoja. Kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa 11. Kwa taa ileile atahitaji 11Ah, na ili asivuke nusu, betri ya 22Ah au zaidi. Bei yake ilimfanya acheke. Taa ya LED ya wati 6 hutumia nusu ampea: usiku mzima 5.5Ah. Hapo betri ya 12Ah yatosha.

Hofu yake ni kuwa omena hawatauona mwanga wa wati 6. Tukaiwasha uani usiku uleule. Akaizunguka mara mbili, akarudi nyuma hadi kwenye ua, akaitazama kwa mbali. Akasema ataijaribu giza la mwezi likiingia.