Kuli Aliyeshika Kamera

Mtu atokapo sinema husema, "Fulani amecheza vizuri," akimtaja mchezaji ambaye uso wake ameuona. Ni nadra kumsikia akimtaja yule ambaye hakuonekana hata mara moja, naye ndiye aliyeamua nani aonekane, aseme nini, kwa lugha gani, na macho yetu yamwangalie kwa muda gani. Mtu huyo ni mwongozaji. Mfanyakazi alipaye shilingi zake mlangoni yampasa kumjua, maana kazi yake hutuingia kichwani tukiwa tumeketi kimya gizani, wala hatuulizwi kama twaikubali.

Kazi kubwa za mwongozaji ni tatu. Huchagua jambo la kusimulia. Huchagua watu watakaolibeba jambo hilo. Kisha huchagua namna ya kulionyesha. Ili tusiseme maneno ya hewani, na tumtazame mwongozaji mmoja, Ousmane Sembène wa Senegal, ambaye aliishi kwa nguvu za mikono yake kabla ya kushika kamera.

Sembène alizaliwa Ziguinchor, katika jimbo la Casamance, mwaka 1923. Alipata kuwa mvuvi, mwashi na makanika. Katika Vita Kuu ya Pili alivaa sare za jeshi la Ufaransa. Vita vilipokwisha alivuka bahari, akawa kuli katika bandari ya Marseille, akajiunga na chama cha wafanyakazi, na huko kazini akaumia mgongo. Kitabu chake cha kwanza, juu ya maisha ya kuli mweusi, kilitoka mwaka 1956. Kingine, cha mwaka 1960, kilisimulia mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar na Niger wa mwaka 1947 na 1948. Walakini vitabu hivyo viliandikwa kwa Kifaransa, na wengi wa wale ambao habari zao ziliandikwa hawakuweza kuvisoma. Ndipo mtu huyu, mwenye umri wa karibu miaka 40, alipokwenda Moscow kujifunza kutengeneza sinema. Sinema aliiita shule ya jioni, kwa kuwa hata asiyejua herufi moja aweza kuingia humo akajifunza.

Tutazame kwanza jambo alilochagua. Filamu yake "Borom Sarret" ya mwaka 1963 ni fupi, dakika 20 hivi. Mchukuzi wa gari la farasi aondoka nyumbani Dakar asubuhi. Baadhi ya abiria wake hawamlipi. Mwimbaji wa sifa awasifu mababu zake, naye kwa fahari ampa chumo lake lote. Mwishowe akubali kumpeleka bwana mmoja katika mtaa wa wakubwa, ambako magari kama lake yamekatazwa. Askari amnyang'anya gari, na kiatu cha askari chatua juu ya nishani yake ya vita. Wakati ule uhuru wa Senegal ulikuwa na miaka mitatu tu. Mwongozaji mwingine angetuonyesha bendera na magwaride. Sembène alituonyesha siku moja ya mtu arudiye nyumbani mikono mitupu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, naye alikuwa amekilalia.

Pili, watu. Mwaka 1966 alitoa "La Noire de...", yaani msichana mweusi wa fulani, na jina la huyo fulani limeachwa wazi. Kisa alikipata katika habari fupi ya gazeti, juu ya mtumishi wa Kiafrika aliyejiua Ufaransa. Habari ya namna hiyo twaisoma, twageuza ukurasa. Sembène alimpa msichana yule jina, Diouana. Akampa mama, mchumba, viatu virefu alivyovipenda, na kinyago alichowazawadia mabwana zake. Nyumbani kwao Dakar kinyago kile kilikaa pamoja na vingine. Huko Antibes kinaning'inia peke yake juu ya ukuta mweupe, kama Diouana mwenyewe. Naye akiisha kufa, bwana apeleka mshahara wake kwa mama, na mama aukataa. Mtoto mdogo avaa kinyago kile, amfuata bwana nyuma hatua kwa hatua, pasipo kusema neno, hata bwana ashikwa na hofu. Hapo hakuna hotuba, lakini kila mtazamaji amekwisha kusikia hukumu.

Tatu, namna, na hapa tuseme kweli bila upendeleo. Mawazo ya Diouana twayasikia kwa Kifaransa laini, kwa sauti ya mchezaji mwingine, ingawa msichana mwenyewe hakusoma. Hilo ni pungufu. Sembène hakuliacha hivyo. Mwaka 1968 alitengeneza "Mandabi", yaani hawala ya fedha, kwa lugha ya Kiwolof. Fedha za filamu hiyo zilitoka Ufaransa, na kwa sharti la waliozitoa, ilimbidi aipige mara mbili, Kifaransa na Kiwolof. Kisa ni cha mzee Ibrahima Dieng, ambaye mpwa wake, mfagiaji wa barabara Paris, amemletea hawala ya faranga 25,000. Posta wamwambia alete kitambulisho; kitambulisho chataka cheti cha kuzaliwa; cheti chataka tarehe asiyoijua. Nyumbani Dieng ni bwana wa maneno, lakini mbele ya dirisha la karani, penye karatasi za Kifaransa, ageuka mtoto. Ukiiondoa lugha yake, hutauona ukuta uliomzuia.

Tena asidhaniwe kuwa aliwalaumu wageni peke yao. Katika "Xala", mwaka 1975, aliwacheka matajiri wapya wa nchi yake, na wakaguzi wakaikata vipande. Mwaka 1977 "Ceddo" ilipigwa marufuku Senegal, na sababu iliyotolewa ilikuwa tahajia: ati herufi d isiandikwe mara mbili! Filamu yake ya mwisho, "Moolaadé" ya mwaka 2004, yamwonyesha mwanamke akatazaye wasichana wasikeketwe. Aliitoa akiwa amepita umri wa miaka 80, akafariki Dakar mwaka 2007. Yule mama aliyekataa mshahara wa damu na mwanamke huyu aliyelinda wasichana ni ndugu moja, ingawa miaka 38 yawatenga. Kwa alama kama hizo mkono wa mwongozaji hutambulikana.

Basi, msomaji, siku nyingine uketipo gizani, mwangalie pia yule mchukuzi wa mizigo apitaye nyuma ya shujaa. Je, amepewa jina? Amepewa neno la kusema, tena kwa lugha yake? Kama hakupewa, jua kuwa yuko mtu aliyeamua hivyo, wala usitoke pale mlangoni pasipo kumwuliza kwa nini.