Vishikwambi vilifika Kitui na Makueni, mzigo ukabaki kwa mwalimu

Msafiri anayetoka Nairobi kuelekea Mombasa hupita Malili, katika Kaunti ya Makueni, ambako serikali ilinunua shamba la ekari 5,000 ili kujenga mji wa teknolojia wa Konza. Rais Mwai Kibaki aliuzindua mradi huo Januari 2013. Lakini mwanafunzi wa Kathonzweni, au wa Mutomo ng'ambo ya Mto Athi katika Kaunti ya Kitui, hakuijua tarakilishi kupitia Konza. Aliijua kupitia chumba cha shule ya msingi chenye vyuma madirishani.

Chumba hicho kilitokana na ahadi. Katika kampeni za 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilivurugwa na mizozo, na mwaka 2016 vifaa vilipoanza kusambazwa, watoto walipewa vishikwambi badala ya vipakatalishi. Hatimaye zaidi ya vifaa milioni moja vilifikishwa katika shule zaidi ya 20,000 za umma kote nchini. Pamoja na vishikwambi, shule ilipewa vipakatalishi viwili vya walimu, projekta na seva ya kuhifadhia masomo.

Seva ndiyo isiyoeleweka vyema. Wazazi wengi hudhani kwamba shule isiyo na intaneti haiwezi kunufaika na vifaa hivi. Sivyo. Masomo yaliyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) yalipakiwa mapema, na seva huyasambaza darasani bila kuhitaji mtandao wa nje. Kinachohitajika ni umeme, na mwalimu asiyeogopa kuwasha mtambo.

Umeme nao una hadithi yake. Shule zilizo mbali na nyaya, na Kitui ina nyingi za aina hiyo upande wa mashariki na kusini, ziliwekewa mitambo ya nishati ya jua. Jua la Ukambani halina uhaba, ila betri huchakaa baada ya miaka michache. Nani azinunue nyingine? Jedwali la nne la Katiba ya 2010 liliacha shule za msingi mikononi mwa serikali ya kitaifa, huku kaunti zikipewa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Mwalimu mkuu akibisha hodi kwa gavana huambiwa hilo si jukumu la kaunti. Akienda wizarani, hukuta foleni ya shule za nchi nzima. Mara nyingi hurudi kwa wazazi, ambao mvua ikikosa huwa hawana hata karo ya mkubwa aliye sekondari.

Mtaala nao haukusubiri. Mtaala wa umilisi, CBC, ulianza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, na wanafunzi wake wa kwanza waliingia gredi ya saba Januari 2023, katika shule zilezile za msingi. Vishikwambi vilivyonuiwa watoto wanaojifunza kusoma haviwezi kumtosha kijana anayetakiwa kuelewa jinsi programu inavyoundwa.

Hata hivyo, si kila kitu kinangoja zabuni nyingine. KICD ina hazina ya masomo mtandaoni. Isitoshe, kuna programu za bure zilizobuniwa kwa ajili ya mahali pasipo mtandao: Kolibri hubeba masomo na mazoezi, na Kiwix huweza kuhifadhi kamusi elezo ya Wikipedia ndani ya kipakatalishi kimoja. Mwalimu huweza kuzipakua akiwa Wote, Mwingi au mjini Kitui, akazirudisha kijijini kwa flashi. Projekta moja inayofanya kazi huonyesha moyo wa binadamu ukipiga mbele ya darasa zima, jambo ambalo ubao na chaki haviwezi.

Kazi hiyo haina malipo ya ziada. Mwalimu aliyeizoea anapohamishwa, huondoka na ujuzi wake, na funguo za chumba huachiwa mtu ambaye hakufunzwa. Kabla ya kuomba vishikwambi vipya, bodi ya shule ingefaa iulize ni walimu wangapi, zaidi ya mmoja, wanaoweza kuiwasha seva iliyopo.