Pindua kiatu cha mtoto kabla ya kulipa

Masika yakiingia Pemba, watoto hucheza pekupeku kwenye udongo uliolowa. Humo ndimo mabuu ya minyoo ya safura hungoja, yapenye ngozi ya mguu. Minyoo hiyo, inayochunguzwa miaka mingi na Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, Chake Chake, hunyonya damu ya mtoto hadi akaishiwa nguvu.

Viatu vingi vyepesi vya siku hizi vina soli ya povu lililoumuliwa ndani ya kalibu, likashikana na kitambaa cha kufuma. Ni laini, ila kitambaa hupitisha maji.

Mzazi, pindua kiatu. Chini pawe na mpira, soli ikunjike penye vidole, si katikati. Kikilowa, kianikwe kikauke kabla hakijavaliwa tena.