Gharama za Kisima katika Kisiwa cha Ngazija

Kisiwa cha Ngazija, kilicho kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Komoro, hupata mvua nyingi, lakini hakina mto hata mmoja utiririkao mwaka mzima. Sababu yake ni kwamba kisiwa chote ni mawe yaliyotapikwa na milima ya moto. Mawe hayo yana nyufa na matundu, na mvua ikinyesha huzama mara moja hata chini kabisa.

Huko chini maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya mwambani, kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Kwa kawaida uso wake hupita usawa wa bahari kwa kidogo tu. Basi mwenye nyumba iliyo futi 1,000 juu ya bahari hana budi kutoboa jabali karibu futi 1,000. Kila futi ina malipo yake: mtambo, mafuta, na mabomba ya chuma, na baadaye pampu ya kupandisha kila debe la maji. Mwenye nyumba ya pwani hulipa kidogo, lakini akichimba kupita kiasi, au akivuta maji kwa pupa, hupata chumvi. Na fedha iliyokwisha kutumika hairudi.

Ndiyo maana watu wengi wa huko hujenga mabirika ya kukingia mvua. Nayo yana hatari yake: mwaka 2005 mlima Karthala ulipolipuka, majivu yaliharibu maji ya mabirika mengi. Kwa hiyo yafaa birika lifunikwe vizuri, na wanakijiji wanaotaka kisima wachange fedha pamoja, kwani kisima kimoja kirefu huweza kutosha nyumba nyingi.